Bangili ya Saa Kumi

Fundi huyo walimwita Mshale kwa kumkejeli, maana saa alizobuni hazikuwa na mishale. Mishale aliichukia. Alitengeneza saa ya mkononi iliyoficha uso wake mpaka uipulizie pumzi, kioo kikapata ukungu, tarakimu zikajitokeza. Alitengeneza nyingine yenye kitundu kimoja tu: kutwa nzima kinasema "Bado", jioni kinasema "Basi". Watu walipita karakanani, wakacheka, wakasifu, kisha wakaenda kununua saa za kawaida.

Saa yake ya bangili hakuwatengenezea hao. Alimtengenezea dada yake mkubwa, aliyemlea kwa cherehani, na ambaye mpaka leo alikuwa akishona mashati katika kiwanda kilichopakana ukuta na karakana.

Kiwandani humo walinzi waliwapokonya wanawake saa na simu getini. Ndani ilibaki saa moja ya ukutani, na hiyo, chakula cha mchana kikishaliwa, ilianza kuchechemea. Saa kumi ya kutoka haikufika mpaka bosi atake. Wapo waliosahau, lakini bosi wa kwanza aliiba kwa kengele, wa pili kwa filimbi, na huyu wa tatu kaja na saa nzuri ya kioo. Mwizi wa mfukoni hujificha. Mwizi wa muda huitundika silaha yake ukutani, nanyi mkaitazama kwa heshima.

Bangili ilikuwa ya vipande vya shaba vilivyoungwa kama mnyororo. Mgongoni, kila kipande kilikuwa na nundu ndogo kama punje ya mtama. Nundu ziliinuka moja baada ya nyingine kadiri siku ilivyosogea, na ile ya kwenye kifungo iliinuka saa kumi kamili. Mlinzi angeona pambo tu. Dada angepitisha kidole chini ya meza, akajua.

Mpango wenyewe ulikuwa huu: siku mkaguzi wa kazi atakapokuja, Dada azime cherehani saa kumi ya kweli, na wenzake wote wazime. Mkaguzi atazame saa ya mkononi mwake, kisha ukuta, na wizi ubaki uchi.

"Pitisha kidole," Mshale alimwambia siku ya kumvisha. "Unaisikia?"

Dada alipitisha, huku akimtazama mdogo wake alivyokodoa macho kama mtoto anayengoja kusifiwa.

"Naisikia."

Siku ya mkaguzi ikafika. Jua lilikuwa bado kali Dada alipoingia karakanani, mkoba begani.

"Mbona mapema?"

"Nimeachishwa." Akaketi. "Nimezima, wenzangu wakazima. Mkaguzi akatazama mkono wake, akasema bado. Bosi kacheka mpaka kafuta machozi. Ati, mama, kazi imekushinda, nenda kalale."

"Na ukutani hakutazama?"

"Nani angemwambia atazame? Mimi nilikuwa nimeshashikwa mkono, natolewa."

Mshale aliichukua bangili, akaikagua kipande kwa kipande. Nundu ya saa kumi ilikuwa bado imelala, kama ilivyopasa.

"Saa ni nzima, Dada," akasema, na lawama iliyokuwa katika sauti ile ingemsuta yeye mwenyewe hadi kaburini.

"Najua ni nzima. Mbovu ni mimi." Akaweka viganja mezani. Ncha za vidole zilikuwa ngumu, zinang'aa kama kwato, zimetobolewa na sindano miaka na miaka. Mshale akachukua koleo yake ndogo, akaminya ncha ya kidole. Dada alikuwa akitazama mlangoni.

"Umeshagusa?" akauliza.

Mshale akaiweka koleo chini.

"Kwa nini ulisema unaisikia?"

"Ulikuwa umefurahi, mdogo wangu. Nikasema nitakisia. Mbona maisha yote nimekisia."

Alikuwa amepima shaba, springi, hata upana wa mkono. Kidole alikipima chake mwenyewe, kilicholainika kwa mafuta ya saa. Mkono uliomlisha hakuwahi kuushika akauuliza chochote.

Akaigeuza bangili ndani nje, mgongo ukawa tumbo, akamvisha, nundu zikielekea kwenye ngozi laini iliyo chini ya kiganja.

"Hapo je?"

Dada akatabasamu bila kutaka. "Hapo inatekenya."

Kumbe ilikuwa kazi ya kugeuza tu. Laiti angeuliza. Mshale akainamisha kichwa juu ya meza, na Dada akampapasa kisogo kwa vidole visivyosikia kitu.

Mara mkono wake ukatulia.

"Imefika," akasema. "Ya kwenye kifungo. Saa kumi."

Wakageukia ukuta. Upande wa pili cherehani zilikuwa zinanguruma vilevile, moja tu haimo, na wao wakakaa wakisikiliza king'ora cha kutoka ambacho hakikulia.