Malori Yarefuka, Khisa Apungua

Nerima alipotua birika la chai ya kuwauzia wapakiaji kwenye lango la yadi ya Kahiga, Molo, mumewe Khisa alikuwa tayari na mkorino mgongoni. Mkorino ni gunia lililoshonewa wavu mdomoni likaota kichwa, ili viazi vya gunia moja na nusu vinunuliwe kwa bei ya gunia moja. Mkulima hunung'unika, kisha huuza. Viazi havingoji.

Ndivyo Kahiga alivyoanza, broka mwenye pikapu ya kukodi na mdomo mtamu. Akanunua lori, lori likazaa lori. Sasa ana yadi nyingine Nakuru na trela za kupeleka mizigo hadi Kampala, na jina lake limeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa kuliko mlango wa Nerima. Na kila malori yaliporefuka, Khisa alipungua. Mikorino ilimshindilia chini kidogo kidogo. Nerima alimpunguzia suruali msimu baada ya msimu, mwishowe akawa anamnunulia za watoto wa nasari kwenye mitumba. Wapakiaji wenzake walimpisha kwenye foleni ya chai asije akakanyagwa. Hakuna aliyeshangaa. Pale yadini kila mpakiaji hupungua. Owino alipungua mpaka dada yake akaja kumchukua kwa kikapu.

Nerima alitaka jambo moja tu: mumewe atolewe kwenye mizigo kabla hajaisha. Akavaa leso safi, akaingia ofisini.

"Bosi, Khisa amebaki kidogo sana. Si umweke tu hapo geti, awe anafungua na kufunga?"

Kahiga alikuwa akila bajia za viazi, mafuta yakimchirizika kidevuni.

"Na komeo atafikia aje, mathe?" Akalamba vidole, kimoja baada ya kingine. "Lakini usijali. Khisa ni familia. Nitamtafutia kazi nyepesi."

Mwenye nguvu mpishe. Nerima akasema asante, akarudi kwenye birika lake.

Kazi nyepesi ilianza Jumatatu. Walimshusha Khisa ndani ya kichwa cha mkorino, avipange viazi na kuvikanyaga ili vingi zaidi viingie. Debe zima la ziada likaingia. Kahiga akapiga makofi, akamnunulia fulana ya reflekta ya mtoto, akapiga naye picha ya kalenda ya kampuni. Ptuu! Mtu mzima, baba wa watoto, ameinuliwa kwa kiganja kama kifaranga, na watu wanaambiwa watabasamu.

Ijumaa trela ilikuwa ikinguruma na mshonaji alikuwa na haraka. Akashona. Nerima akasikia sauti ya mumewe juu kabisa ya shehena, ikimwita kwa jina la mtoto wao.

"Mama Wafula! Waambie wafungue!"

Akamkimbilia Kahiga, akamshika mkono wa koti. "Bosi, Khisa ameshonewa ndani! Simamisha gari!"

"Mzigo ushafungwa, mathe. Kampala watamfungua. Wale ni watu wazuri."

Trela ikatoka. Kahiga akakung'uta koti lake pale aliposhikwa, akawageukia wapakiaji.

"Haya, nani mwingine amefupika?"

Mikono ikainuka upesi, mingi, yote chini ya kiuno cha Nerima.