Mwani Mnene Una Siku Zake

Kila asubuhi Sihaba alifanya yaleyale: akafagia ofisi ya kikundi cha wakulima wa mwani, akawasha kompyuta, kisha akamimina chai ya tangawizi kwenye kifuniko cha chupa. Leo kifuniko hakikufika mdomoni. Gunia lilitua mezani, pu! Uvundo ukajaa chumba.

"Shikamoo, Bi Umi," alisema, akiinuka.

"Marahaba. Nusa! Mmeniambia nifunge, nimefunga. Sasa mimi ndiye mzembe?"

Bi Umi alikuwa ametoka Ndagoni kwa bodaboda, gunia mapajani. Mnunuzi alikuwa ameurudisha mwani wake umeoza, na Waleed, msimamizi wa kikundi, alishatangaza kwamba leo anamfuta uanachama. Miaka kumi na minane ya kulima mwani, afutwe kama chaki!

"Niliufinya, mkono ukaniambia bado," alisema Bi Umi. "Simu ikaniambia funga gunia. Na sheria yenu ni kufuata simu. Nifuate kipi, mwanangu?"

Sihaba aliinamisha macho. Jibu alikuwa nalo wiki tatu sasa.

Programu iliyotuma zile jumbe aliiandika yeye. Ndani yake alianza na kiolezo kikuu, kiitwacho mzazi, akamwita Mwani, akamfundisha kukauka: siku tatu za jua. Chini ya mzazi akaweka watoto wawili, Mwembamba na Mnene. Mwembamba alirithi siku za mzazi, basi. Lakini mwani mnene una maji mengi, kwa hiyo Mnene alimwandikia kukauka kwake mwenyewe, siku tano, kushike nafasi ya kule kwa kurithi. Amri ilikuwa moja tu, "kauka", na kila mtoto aliitikia kwa namna yake.

Kisha Waleed akatia mkono. "Nimekusafishia kazi yako," alimwambia huku akicheka. "Kukauka umekuandika mara mbili. Mwani ni mwani, binti." Akafuta kukauka kwa Mnene. Programu haikulalamika, mtoto asiye na lake huchukua la mzazi. Na Sihaba, aliyeona yote, akasema, "Sawa, kaka."

Neno hilo lilimchoma sasa kuliko uvundo.

Waleed aliingia, leso puani. "Bi Umi, hapa jalalani? Wenzio wa Kiegeani wamepata ujumbe uleule, mbona mwani wao safi?"

"Wao wanalima mwembamba! Mnene nimebaki nao peke yangu, wewe hujui?"

"Visingizio vya uzeeni hivyo. Sihaba, fungua orodha, futa jina."

Bi Umi aliketi juu ya benchi, akaanza kufuta magamba ya chumvi kwenye vidole vyake, kimoja kimoja, kama mtu anayejiandaa kwenda kwao.

Sihaba akaketi mbele ya kompyuta. Akaandika mistari michache.

"Umefuta?" aliuliza Waleed.

"Nimerudisha."

"Umerudisha nini?"

Akageuka, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe.

"Siku tano za mwani mnene, ulizozifuta wewe. Bi Umi hakukosea. Umekosea wewe, kaka Waleed, na mimi nilikuona nikanyamaza. Jina lake silifuti!"