Disketi ya Tatu ya Ojakol

Mashine ilimuuliza Carolyne Naliaka kama ana hakika anataka kufuta kila kitu kilichomo kwenye disketi, naye akabonyeza ndiyo hata kabla hajakaa vizuri kitini.

Nyuma yake Mzee Opondo, wakala wa forodha, alikuwa anahema kama mtu aliyefukuzwa na mbwa. "Dada, harakisha. Lori langu liko geti. Wakifunga, nimekwisha."

"Sasa hivi, mzee."

Naliaka ndiye aliyeendesha duka la kompyuta nyuma ya stendi ya Busia. Asubuhi aliwafundisha wasichana kupiga chapa, mchana aliwachapia mawakala karatasi zao za mizigo. Siku hiyo disketi safi zilikuwa zimekwisha, na kwenye droo zilibaki tatu tu, zimefungwa pamoja kwa raba. Zilikuwa za Ojakol. Alichomoa ya chini, akaifuta, akaweka kazi ya mzee, akamkabidhi. Nitamwambia Ojakol, aliwaza. Yeye anayo nakala kwenye kompyuta ya ofisini kwao, atanitolea nyingine. Wazo hilo lilimtosha mpaka mzee alipotoka mlangoni. Baada ya hapo halikumtosha tena.

Zephaniah Ojakol alikuwa karani katika ofisi moja ndogo ya mizigo kule Malaba. Yeye na Naliaka walikuwa wamekutana kwenye kozi, na kilichowafanya marafiki ni gemu moja ya kizungu waliyoipata ndani ya kompyuta kuukuu iliyotoka Nairobi. Ilikuwa gemu ya mashujaa wenye mapanga, majumba ya mawe, wachawi wenye ndevu, na joka lililolalia dhahabu pangoni. Unachagua uwe nani, unazunguka nchi, unaongea na watu, unapigana, unakua. Kila Jumamosi mchana, wasichana wakishaondoka, walivuta viti viwili mbele ya kioo kimoja na kugombania kibodi. Walilimaliza joka lile mara nyingi mpaka wakaanza kulihurumia.

Waliotengeneza gemu ile walikuwa wameacha ndani yake vifaa vyao vya kazi, kwamba anayetaka kujenga nchi yake na ajenge. Naliaka aliwahi kuvifungua, akaona vinamshinda, akavifunga. Ojakol hakufunga. Mvua za El Niño zilipokata barabara na malori yakasimama foleni kutwa kucha, karani wa mizigo hakuwa na mizigo. Akakaa na kompyuta ya ofisi, akaigeuza gemu yote. Hakuibandika viraka, aliivua hadi ikabaki mifupa, kisha akaivika upya. Alipomaliza alileta disketi tatu, kila moja na sehemu yake.

"Caro, cheza," alimwambia. "Usinibembeleze. Nataka uniambie unavyoiona mara ya kwanza, kabla hujaizoea."

Naliaka alizicheza sehemu mbili za mwanzo kwa siku chache, kila alipopata nafasi, na kwa kweli alisahau kula. Majumba ya mawe hayakuwapo. Safari ilianzia pale mto Sio unapoingia ziwani, kati ya mitumbwi na omena zilizoanikwa, ikapanda hadi mlima Masaba. Dawa ya kuponya majeraha ilikuwa uji wa wimbi. Wachawi wenye ndevu walikuwa wamegeuka wazee waliozunguka chungu cha pombe ya ajon, kila mmoja na mrija wake mrefu, na hawakwambii neno mpaka uketi na kuvuta nao. Mlinzi wa daraja, ambaye kwenye gemu ya zamani alikuwa jitu lenye rungu, sasa alikuwa ofisa mwenye muhuri. Humpigi, unamngoja amalize chai. Naliaka alicheka peke yake hadi msichana mmoja akachungulia dirishani.

Kasoro pia aliziona. Kuna mvuvi alikuwa anatembea juu ya maji bila sababu. Sehemu ya kwanza ilichelewa kuchangamka. Na mama muuza ndizi wa Matayos alirudia maneno yale yale hata ukiwa umeshanunua. Yote hayo aliyapanga kichwani, tayari kumwambia. Ilibaki sehemu ya tatu tu, nayo alikuwa ameiahirisha, kama mtoto anayeacha mnofu wa mwisho pembeni ya sahani.

Mnofu wenyewe, disketi ile ya chini, ndio aliomfungia Mzee Opondo.

Ojakol alikuja Jumatano, viatu mkononi, suruali imekunjwa hadi magotini kwa sababu ya tope. Naliaka alikuwa na sentensi yake tayari: nisamehe, ile ya tatu nimeiharibu. Ilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini wasichana walikuwa darasani wakisikiliza, na Ojakol alisimama pale akitabasamu, na matope yakimtiririka vifundoni.

"Umefika wapi?"

"Nimemaliza," Naliaka akasema.

"Zote?"

"Mpaka mwisho."

Kauli ilikuwa imetoka. Akaharakisha kuifunika kwa maneno mengine. Akasifu wazee wa chungu, akamsema mvuvi wa juu ya maji, akamwiga ofisa wa daraja na chai yake. Ojakol aliitikia kwa kichwa, lakini ilionekana hasikilizi.

"Na mama?" akauliza.

Gemu ile ilikuwa na akina mama wengi. Naliaka hakujua ni yupi. "Mama nimemwona."

"Alikuuliza."

"Aliniuliza, ndiyo."

"Ukamjibu nini?"

Hakumtazama alipouliza hivyo. Alitazama kibodi. Naliaka alijua kwamba katika gemu ile kila swali lina majibu mawili tu, ndiyo na hapana, akashika lililokuwa karibu.

"Nilimwambia ndiyo."

Ojakol alivuta kiti akaketi. Kwa muda alipangusa tope kwenye kisigino, kisha akaanza kusema kwa sauti ya chini ili wasichana wasisikie.

"Mimi ndiye nimeitengeneza, Caro, lakini nikifika pale mkono unakataa. Nazima mashine. Unajua nilianza kazi nikiwa utingo wa lori? Siku ya kwanza naondoka nyumbani, tunaenda Kigali, mama alisimama mlangoni akaniuliza, utarudi? Dereva alikuwa anapiga honi. Nikaruka juu ya lori, sikujibu. Niliporudi, baada ya miezi mingi, nilikuta kaburi." Akajikuna shingo. "Basi nimeuweka mlango ule ule, na swali lile lile. Sasa angalau kuna mtu amemwambia ndiyo."

Akamshika mkono, kisha akauwekea wa pili juu yake. "Asante."

Naliaka hakuweza kuutoa mkono wake wala kuuacha pale. Hakuwa amewahi kushukuriwa kwa uzito namna ile, na shukrani yenyewe haikuwa yake. Wasichana walikosea kuchapa asubuhi ile yote, naye hakuona kosa hata moja.

Kesho yake alimfuata Mzee Opondo hadi mpakani, akamkuta anakula mahindi kwenye kivuli cha treila. Alimwomba ile disketi kwa saa moja tu, akarudi nayo mbio dukani, akajaribu kila programu aliyofundishwa ya kufufua vitu vilivyofutwa. Kilichofufuka ni karatasi za Opondo: magunia ya chumvi, uzito, namba ya lori. Mzee alipokuja kuichukua alimkuta macho mekundu.

"Dada, mbona unaililia disketi kama ng'ombe aliyekufa?"

"Vumbi, mzee."

"Vumbi na mvua hii?"

Bado alijituliza kwamba Malaba kuna nakala. Atakwenda, atasema, atapewa nyingine, ataicheza kweli, na uongo utageuka ukweli hata kama kwa kuchelewa. Alipanga kwenda Ijumaa. Siku hiyo asubuhi simu ya duka ililia, na alikuwa Ojakol.

"Virusi vimetuingilia. Bosi ameleta fundi, amefuta mashine yote, hata sikuwapo. Nilitaka kulia, halafu nikakumbuka wewe unazo. Mungu hutuma watu. Sikia, dada yangu Apio anakuja kutoka Tororo. Nimemwambia habari ya mama. Kesho namleta hapo aone mwenyewe."

"Ojakol," alisema Naliaka.

"Eeh?"

Duka lilijaa watu. Alimwona mteja anamwonyesha saa. "Karibuni," akasema, akaweka simu chini, na akajichukia kwa neno lile kuliko kwa yote aliyokuwa amesema.

Walikuja Jumamosi mchana. Apio alikuwa mwanamke mrefu, mkubwa kwa Ojakol kwa umri, mwenye kitambaa cha kichwa kilicholowa mvua. Alibeba kikopo cha simsim iliyosagwa, akakiweka juu ya meza ya Naliaka kwa mikono miwili.

"Hii ni yako," Ojakol alieleza. "Amesema hawezi kuja mkono mtupu kwa mtu aliyemjibu mama."

Naliaka alikitazama kikopo. Alikuwa amekesha akitunga njia za kuzunguka: kwamba disketi imeliwa na kutu, kwamba stima ilikatika. Zote zilimwishia hapo hapo mbele ya simsim.

"Sikumjibu," akasema. "Sikumwona hata. Ile ya tatu niliifuta kabla sijaifungua. Mzee mmoja alikuwa na haraka, disketi zilikuwa zimekwisha, nikachukua yako. Ulipokuja kuniuliza niliona aibu, nikasema nimemaliza. Lile neno ndiyo nilibahatisha tu."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Ojakol alimtazama kana kwamba amesema kwa lugha asiyoijua.

"Ya kufuta ningekusamehe saa hiyo hiyo," akasema hatimaye. "Vitu hufutwa. Hata fundi amefuta." Akaigeukia mashine. "Basi hakuna aliyemjibu."

Naliaka aliitoa samahani, lakini ilitoka ndogo, ikaanguka sakafuni na hakuna aliyeiokota.

Apio ndiye aliyeuliza, kwa Kiswahili ili mwenyeji asiachwe nje. "Swali lenyewe ni lipi? Huyu kwenye simu aliniambia tu kuna mama ndani ya kompyuta."

Ojakol akamwambia. Mlango, honi, utarudi.

"Utarudi?" Apio alishika kiuno. "Zephaniah, mama alimuuliza kila mtu hivyo! Mwanamke wa samaki kutoka Sio Port alikuwa anaulizwa. Mhubiri alikuwa anaulizwa. Mimi nikienda mtoni kuteka maji, utarudi? Ilikuwa kwaheri yake. Ulikuwa hujui?"

"Mimi aliniuliza siku ile."

"Na wewe ulikuwa na masikio siku ile tu, kwa sababu ulikuwa unaogopa lori. Unataka kujua alisema nini baada ya kuondoka? Alisema umeenda na sweta ya baba. Alilalamika kuhusu hiyo sweta mpaka Krismasi. Kila mgeni aliambiwa."

Ojakol alifungua mdomo. "Ile ya kijani?"

"Ya kijani! Uliipeleka wapi?"

"Niliiuza Kampala."

Apio akapiga kofi, akacheka kwa sauti iliyojaza duka, na Ojakol akacheka naye, kisha kicheko chake kikavunjika katikati, akainama na kujifunika uso. Dada yake alimwekea mkono mgongoni akampigapiga taratibu, kama anayemcheulisha mtoto. Naliaka alisimama upande wa pili wa meza. Alitaka kuwapo pale na alitaka ardhi immeze. Alichokuwa amempa Ojakol kwa uongo, Apio alikuwa amempa kwa ukweli, tena kingi zaidi, na hakuna aliyekuwa na haja naye.

Walipoaga, Ojakol alichukua disketi mbili zilizobaki akaziweka mfukoni mwa shati. Naliaka alikirudisha kikopo cha simsim. Apio alikataa.

"Kula tu. Sitabeba mzigo mara mbili."

Hakuila. Ilikaa dirishani mpaka wasichana wakaimaliza kwa mihogo.

Barabara zilipokauka na malori yakaanza kutembea, Naliaka alipata kazi ya kupeleka karatasi Malaba. Alijiambia atazikabidhi na kuondoka, lakini alipokwisha kuzikabidhi miguu ilimpeleka mpaka ofisi ya Ojakol. Makarani watatu walikuwa wamejazana mbele ya kioo wakicheka hadi machozi. Kwenye kioo kulikuwa na kijumba cha nyasi, na mlangoni mwanamke mfupi aliyemfuata shujaa kila alikokwenda, akidai sweta.

Ojakol alimwona, akasimama, akampa kiti chake mwenyewe. Aliagiza chai na mandazi. Alimuuliza habari za Busia, za wasichana, za Mzee Opondo. Hakuwa na kinyongo usoni, na hilo lilimuumiza Naliaka kuliko kinyongo.

"Umeijenga upya," alisema.

"Naijenga. Apio ananitumia maneno ya mama kwa watu wa basi. Bado ina kasoro."

"Naweza kuichukua nikaicheze? Nikwambie ninavyoiona?"

Ojakol alikoroga chai yake, ingawa sukari ilikuwa imeshayeyuka.

"Ikikamilika nitakuletea."

"Zamani ulikuwa unaniletea kabla haijakamilika."

"Ndiyo," akasema kwa upole. "Zamani."

Karani mmoja alimwita aje aone mahali gemu ilipokwama. Akaomba radhi, akaenda kuinama kati ya wenzake, akionyesha kwa kidole, akieleza. Naliaka aliinywa chai yote, kwa sababu ilikuwa imeagizwa kwa ajili yake, kisha akachukua mkoba wake, akatoka kutafuta usafiri wa kurudi Busia.