Kituo cha Saba na cha Nane

Rafu ya kwanza ilifika saa nne kamili asubuhi, imebebwa na roboti bapa kama sinia, na Fusi akaanza kuchopoa. Taa ilimulika dawa ya meno. Akatoa mbili, akazitia kwenye katoni, akabonyeza kitufe. Rafu ikaenda zake. Nyingine ilikwisha kufika, inamsubiri.

Wachopoaji walikuwa kumi na wanne kabla roboti hazijaletwa. Sasa walibaki wawili, na nafasi ilikuwa moja. Darryl, msimamizi wa ghala, hakuzunguka maneno: saa moja ya kazi, atakayejaza katoni nyingi abaki, mwenzake Ijumaa ndiyo siku yake ya mwisho.

Kosa la Darryl lilikuwa kuwaweka bega kwa bega, Fusi kituo cha saba, Semisi cha nane. Miaka mitatu Fusi alifanya kazi kituo cha pili na Semisi cha kumi na moja, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Semisi ni mtoto wa baba yake mdogo, yaani kaka yake, na Mtonga wa visiwani hamkodolei macho dada yake, hamtanii, hashindani naye. Dada yuko juu. Akishatamka, kaka hana la kuongeza.

Basi Fusi akakaza macho kwenye taa. Lakini alisikia. Mikono ya Semisi aliijua kwa sauti, tak-tak-tak, haina mapumziko. Leo ilikuwa tak, kimya, tak.

Dakika ya ishirini Talosaga, Msamoa aliyekuwa akisukuma katoni zilizojaa kwenda kwenye mkanda wa kupeleka mizigo, akamwinamia.

"We dada, ndugu yako ana nini leo? Anashika sabuni kama anashika kifaranga."

"Fanya kazi yako."

"Si ndiyo naifanya! Wewe sitini na moja, yeye arobaini. Semisi huyu huyu anayetutoaga jasho! Nyie Watonga, hata kushindwa mnapangiana?"

Fusi akaelewa. Semisi anamwachia ashinde. Mtu mwenye watoto wanne, wa mwisho hajaota hata jino, anamwachia kwa sababu yeye ni dada. Na nyumbani, kitongoji cha Mount Druitt, mama alikuwa kitandani, akimtegemea Fusi peke yake. Ilitosha kunyamaza tu. Rafu tatu zikaja, tatu zikaondoka, naye amenyamaza. Ya nne ilipofika aliona aibu mpaka masikio yakamchoma.

"Talosaga. Mpelekee neno langu."

"Yuko hapo, hatua mbili! Mwambie mwenyewe."

"Siwezi, na unajua. Mwambie dada yake amesema hivi: akiendelea kunichezea, navua fulana hii ya kazi sasa hivi natoka. Tukose wote."

Talosaga hakutania tena. Akaenda.

Mikono ya Semisi ikasimama kituo cha nane. Rafu ilisimama pale na taa yake ikapepesa, ikapepesa, mpaka Darryl akainua kichwa kutazama.

Kisha, tak-tak-tak.

Fusi akakimbiza mikono kuliko siku zote. Kifundo cha mkono kikamuuma, akabadilisha mkono. Dakika ya hamsini alikuwa na mia hamsini na mbili, Semisi mia arobaini na saba. Hakuna aliyegeuka. Talosaga alisukuma katoni huku akinong'ona hesabu kama anayesali: mia sabini, mia sabini. Mia themanini, mia themanini na moja.

Kengele ikalia.

"Saba, mia themanini na tatu," Darryl akasoma. "Nane, mia themanini na tano. Semisi, unabaki. Mwanzoni ulikuwa umelala, bwana!"

Semisi alikuwa ameinamia sakafu, jasho linamdondoka puani.

"Talosaga," akasema kwa sauti ya chini, "muulize dada kama ameridhika."

Talosaga akamgeukia Fusi. Fusi akaficha mikono mifukoni.

"Mwambie nimeridhika," akasema, na ulikuwa uongo, na wote watatu walijua.