Kuiwahi Mikono ya Bibi

Shemeji yangu, mume wa dada, amepiga picha za mpira kwa miaka kumi na tisa, na haoni haya kukuambia kwamba hakuna kipa aliyewahi kuruka asimnase hewani. Ukuta mzima wa sebule yao ni miguu, mipira na vinywa vilivyo wazi. Kwa hiyo mwalimu mkuu alipotupa siku nne za kupiga picha za kitabu kipya cha ishara, sikuhangaika kutafuta mtu. Nilimpigia yeye.

"Wanaokimbia ni kina nani?" akauliza.

"Hakuna anayekimbia. Ni bibi mmoja, amekaa kwenye kiti."

Akacheka. "Shemeji, hiyo si kazi, ni mapumziko."

Mimi ni mwalimu katika shule ya watoto viziwi. Kitabu tulichokuwa nacho kilikuwa cha michoro, na mikono ya michoro hiyo ilikuwa na vidole kama uma. Watoto wakikifungua walivunjika mbavu kwanza, ndipo wasome. Tulitaka picha za mikono ya kweli, na mikono tuliyoitaka ilikuwa ya Bibi Mshonaji. Bibi ni kiziwi tangu utotoni. Alifundisha cherehani shuleni kwetu miaka thelathini na miwili, na sijaona mtu mwenye ishara safi kama zake: fupi, za haraka, bila chembe ya ziada. Jumamosi ya wiki ile mwanawe alikuwa anakuja kumchukua wakaishi pamoja, mbali na sisi. Tulikuwa na Jumanne mpaka Ijumaa, na orodha ya maneno mia tatu na kumi.

Jumanne asubuhi tukaingia chumba cha cherehani. Dirisha kubwa upande wa kushoto, mashine sita zimefunikwa vitambaa, shuka la kijivu nimelibana ukutani kwa pini. Bibi akakaa wima kwenye kiti cha mbao. Shemeji akainua kamera, akabandika jicho kwenye kitundu cha kuchungulia, nami nikampa Bibi neno la kwanza.

Bibi hakulifanya. Alinigeukia, mikono yake ikauliza jambo.

"Anasemaje?" Shemeji akauliza, jicho bado kitunduni.

"Anauliza umeenda wapi."

"Si niko hapa hapa!"

"Anasema haongei na sanduku."

Ikabidi nimweleze jambo ambalo kwetu ni la kila siku. Nusu ya neno iko mkononi na nusu iko usoni, na anayesema anahitaji kuuona uso wa anayeambiwa ili ajue kama ameeleweka. Ukijificha nyuma ya kamera, kwa Bibi ni sawa na kumfungia mlango katikati ya mazungumzo.

"Sawa," akasema. "Nitatumia skrini."

Akabonyeza kitufe mgongoni mwa kamera. Kioo cha ndani kikainuka kwa mlio mdogo, na Bibi akatokea kwenye skrini, akipepesa macho, kama kwenye televisheni. Shemeji akaishika kamera usawa wa kifua, uso wake wote nje, masharubu na kila kitu. Bibi akaridhika. Akafanya ishara. Shemeji akabonyeza. Skrini ikaingia ukungu, ikatakata, ikaingia ukungu tena, lenzi ikienda mbele na nyuma kwa sauti ya nzi aliyenaswa chupani, ndipo ikalia chak. Mikono ya Bibi ilikuwa imeshatua mapajani zamani.

Tuliendelea hivyo mpaka saa sita. Picha tisini na moja. Tulipozipitia, tatu tu ndizo zilizokuwa na ishara ndani yake.

"Tuna kitabu kizima cha mapaja," nikasema.

Hakucheka. Akaniomba nimwambie Bibi asimamishe mkono hewani. Bibi akatii, akaganda kama sanamu ya dukani, kisha akataka kuiona picha yenyewe. Aliitazama, akakunja uso, akaniambia: huyu amekufa. Na kweli. Ishara zetu nyingi huanzia mahali pamoja na kuishia mahali pamoja. Kinachozitofautisha ni pale katikati, mkono unapogeuka. Ukiugandisha umelitoa neno roho.

Kabla hatujaachana, Bibi akampa Shemeji jina la ishara: ngumi chini ya kiganja, kidole gumba kikichungulia taratibu. Kobe.

"Hilo ni jina gani?" akaniuliza.

"La heshima," nikasema. "Nitakueleza siku nyingine."

Jioni nikapita kwao kumpa moyo. Nilimkuta sebuleni, kamera imesimama juu ya miguu yake mitatu, na dada yangu amekaa mbele yake akikunja nguo zilizotoka kwenye kamba.

"Miaka kumi na tisa sijapigwa picha na mume wangu," dada akaniambia. "Leo bahati imeniangukia. Anapiga picha taulo."

"Likung'ute tena, mama," Shemeji akasema bila kuinua macho.

Nilivuta kiti. Akaanza kunieleza, na nilivyomwona, alikuwa anajieleza mwenyewe. Ukichungulia kitunduni, alisema, kamera ina jicho lake maalumu la kupimia umbali, nalo lina kasi ya ajabu. Ukiwasha skrini, kioo cha ndani kinainuka na lile jicho linazibwa. Kamera inabaki kupapasa, kama mgeni anayetafuta swichi kwenye chumba kisicho chake.

"Nimeilaumu siku nzima bure. Mimi ndiye ninayeituma ikapapase upya kila picha, na bibi wa watu hajasogea hata shibiri."

Akaanza kuipunguzia kazi. Alizima ule utafutaji wa kamera yenyewe. Akaikuza picha kwenye skrini mara kumi, mpaka pete ya dada ikajaa skrini nzima, akazungusha lenzi kwa vidole viwili, polepole, mpaka mikwaruzo ya pete ikahesabika. Kisha akatoa mkono. Akabana tundu la lenzi kidogo, ili mkono ukija mbele au ukirudi nyuma usiingie ukungu. Mwanga akaupanga mwenyewe, mara moja kwa zote. Mwisho akazima ile tabia ya kamera ya kukuonyesha picha uliyopiga kabla hujapiga nyingine.

"Haya ni majivuno," akasema. "Mtu uko kazini, yenyewe inataka usimame uisifie."

Dada akakung'uta taulo. Chak. Safari hii sikuona ukungu wala kusikia nzi. Pembe ya taulo ilikuwa hewani, imejikunja, na uzi mmoja umesimama wima kama unywele.

"Na mimi niko wapi?" dada akauliza akiinamia skrini.

"Uko pembeni."

"Pembeni. Haya, asante."

Jumatano Shemeji akafika na utepe wa gundi, akaweka alama sakafuni kuzunguka miguu ya kiti cha Bibi na ya kamera. Kamera sasa ilikuwa inaitika papo hapo. Tukaenda vizuri kwa muda mfupi, skrini ikazimika ghafla. Kumbe skrini ikiwaka mfululizo inakunywa betri kama mlevi. Ya pili nayo ikaisha kabla ya saa nne. Akakimbia kwa rafiki yake, mpiga picha za harusi, akarudi na betri tano mfukoni na jasho mgongoni.

Lakini tulipozipitia picha, bado alikuwa anachelewa. Kidogo sana sasa, kama upana wa ukucha, ila katika ishara ukucha ni neno jingine. Alikaa kwenye kiti cha cherehani akajikuna kichwa muda mrefu.

"Kamera imeacha uvivu," akasema. "Uliobaki ni wangu. Nasubiri nione ndipo nibonyeze, na nikishaona, kumekwisha. Kwenye mpira najua kipa ataruka kabla hajaruka, kwa sababu nimeucheza. Huku sijui chochote. Mwambie Bibi anifundishe."

"Akufundishe nini?"

"Kuongea."

Nilipomtafsiria, Bibi alimtazama juu mpaka chini. Halafu akavuta kiti kingine akakiweka mbele yake.

Asubuhi yote iliyobaki haikupigwa picha hata moja. Orodha ilinisumbua, lakini niliikunja nikaitia mfukoni. Mwanamume yule wa miaka hamsini na tatu, mwenye vidole vinene kama mishumaa, alikaa akifundishwa "maji", "kesho", "kumbuka", na alipokosea Bibi alimchapa kifundo cha mkono kwa futi ya kushonea. Alirudia bila kunung'unika. Kila neno alilirudia mpaka Bibi akubali kwa kichwa, na Bibi si mtu wa kukubali upesi. Mchana waliendelea. Nilitoka kufundisha vipindi viwili, nikarudi nikawakuta vilevile, magoti yakikaribia kugusana, wakibishana kwa mikono juu ya neno ambalo mmoja wao alikuwa amelijua kwa saa moja tu.

Alhamisi asubuhi alifunga waya wa kubonyezea kwenye kamera, akasimama kando yake. Aliitupia skrini jicho moja kuhakikisha Bibi yuko pale alipo, kisha akaiacha. Akawa anamtazama Bibi tu, uso kwa uso, waya umefichwa kiganjani. Nami nikaona kitu ambacho kwa miaka kumi na mmoja ya kukalimani sikuwahi kukitambua: Bibi kabla hajageuza mkono huinua nyusi, kidogo mno, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kuimba. Shemeji alikuwa amekiona. Nyusi zikiinuka, kidole chake kinashuka.

Ishara, chak. Ishara, chak. Bibi hakupunguza mwendo hata kidogo. Nadhani aliuongeza kwa makusudi, kumjaribu. Shemeji akamfuata bega kwa bega. Kufika saa kumi jioni tulikuwa na maneno mia moja na sitini, na mikono ilikuwa hai kwenye picha zote, imeshikwa palepale inapogeuka, vidole vimenyooka, uso umejaa neno. Nilimwita mwalimu mkuu aje aone. Alisimama nyuma ya mashine ya tatu, akasahau kukaa.

Ijumaa mchana tulibakiza maneno machache. Moja lilikuwa "mume". Bibi akalifanya kama kawaida, mikono ikashuka. Nikainama kulipigia alama kwenye orodha. Nikasikia chak nyingine.

Nilipoinua kichwa kulikuwa kumekwisha. Nilimuuliza Bibi alichosema. Akatikisa kichwa. Hiyo haikuwa ya kitabu, akanijibu. Nikamwomba arudie. Akakataa, na macho yake yalikuwa yamelowa.

Baadaye kidogo alinieleza. Marehemu mumewe alikuwa kiziwi pia, seremala. Jina la ishara ambalo Bibi alimpa walilitumia nyumbani kwao tu, wao wawili, na tangu azikwe hakuwahi kulifanya tena. Lilimtoka tu.

"Niliona nyusi zake," Shemeji akasema kwa sauti ya chini. "Nilibonyeza kabla sijafikiri. Shemeji, mwambie kama hataki, naifuta sasa hivi, mbele yake."

Bibi akainuka, akaja kwenye kamera. Shemeji akaifungua ile picha. Vidole viwili vya Bibi vilikuwa ndiyo kwanza vinaondoka nyuma ya sikio, kama vinachomoa penseli, na uso wake ulikuwa wa msichana anayemwona mtu akiingia mlangoni. Sikuwa nimewahi kuuona uso ule. Shemeji, bila kuambiwa, akaikuza picha mpaka vile vidole vikajaa skrini. Bibi akavigusa kwa ncha ya kidole chake.

Kisha akamgeukia yeye, si mimi. Akamwambia kwa mikono: isafishe. Moja. Yangu.

Nikafungua kinywa nitafsiri.

"Nimeelewa," Shemeji akasema.

Jumamosi asubuhi aliileta imesafishwa kwenye karatasi nzito, ndani ya bahasha, na kadi ya kamera mkononi. Akamwonyesha Bibi jinsi anavyoifuta ile picha, ikabaki ile moja tu duniani. Mwanawe alikuwa anapakia mizigo. Bibi aliiweka bahasha chini ya nguo, katikati ya sanduku, akalifunga mwenyewe.

Kitabu kilitoka mwanzoni mwa mwaka wa shule, maneno mia tatu na kumi. Wiki ile baba mmoja alimleta binti yake wa miaka sita, mgeni kabisa kwetu. Alikaa naye kwenye benchi la korido, kitabu wazi mapajani, akitazama picha kisha vidole vyake, kisha picha tena. Akamwuliza mtoto kama ana njaa. Nilikuwa mlangoni na rundo la madaftari, nikasimama. Mtoto alimtazama baba yake usoni, akamrekebisha kidole gumba, halafu akamjibu kwamba ndiyo, sana.