Mpini Mpya wa Kisu cha Ogeto

Ogeto alipima kisu kwa uzi, kuanzia pale kinapotokea kifuani mwa kaka yake Abner. Akafunga fundo kwenye uzi, akarudi kuchonga kipande cha mti wa avokado. Mpini wa zamani ulikuwa umepasuka. Nyangate, mke wa Abner, alikuwa ameufunga kwa mpira wa baiskeli, na kila moyo ulipopiga, mpira ulitikisika.

Kisu kilikuwa pale tangu Machi mwaka jana, siku ndugu hao walipogombania migomba ya mpakani, huku Ikonge. Ogeto mwenyewe alimfikisha kaka yake hospitalini. Muuguzi Millicent aliwasifu kwa kutokichomoa. Alisema kisu ndicho kizibo. Wengi huchomolewa visu nyumbani na jamaa wanaoona aibu kupita barabarani na mtu mwenye kisu, na hao hufika wamekwisha. Kilichobaki ni daktari wa moyo wa kukitoa. Warudi Jumanne.

Walirudi kila Jumanne. Mwanzoni benchi lilikuwa na watu sita, mmoja na spoki ya baiskeli kifuani, mwingine na mkasi. Walishikiana nafasi na kuulizana habari za watoto. Sasa Abner hukaa peke yake.

Polisi walisema kosa la Ogeto haliwezi kuandikwa mpaka ijulikane kama Abner amepona au amekufa. Wazee wa kanisa la Sabato hawakungoja, waliwapatanisha. Abner akarudi kuchuma chai, kamba ya kikapu ameihamishia bega la kulia.

Jumanne iliyopita Millicent aliutazama mpini, akasema, kama mtu anayeshauri juu ya paa, kwamba ukianguka, moyo utakivuta kisu ndani kidogo kidogo. Daktari alikuwa hajaletwa.

"Mwaka wa pili unatembea na kisu changu," Ogeto alisema bila kuinua kichwa. "Bibi yangu anamenya ndizi kwa panga."

Abner akacheka. Mpira ukalegea.

"Shemeji, usimchekeshe," Nyangate alisema, akaukaza.

"Si ukitoe tu," Abner akamwambia ndugu yake. "Wewe ndiye unajua njia kiliyopitia."

Ogeto akaacha kuchonga. Nyangate alikuwa akihesabu mapigo, kama alivyofundishwa hospitalini. Moja lilikosekana, kisha likaja.

"Tungoje Jumanne, kaka."

"Jumanne gani?"

Ogeto akaulinganisha mpini mpya na kisu. Tundu lilikuwa bado jembamba. Lilihitaji kuchomwa kwa msumari wa moto. Lakini ilikuwa Ijumaa, na jua lilikuwa linagusa michai ya ng'ambo. Sabato ilikuwa inaingia, na kazi zote zilipaswa kukoma. Akapangusa vumbi la mti magotini, akaweka mpini dirishani, akasema atamalizia kesho jua likishazama.

Mpira ulikuwa umeanza kukatika. Nyangate akavuta kigoda karibu na mumewe, akaushika mpini wa zamani kwa mkono, kwa kuwa kushika hakuhesabiwi kazi.