Robo Mzunguko Tu

Baba yangu, Alfayo Ombati, alikuwa na mkono mzito. Akifunga lango, ng'ombe walilala nje mpaka arudi kulifungua mwenyewe. Akifunga kifuniko cha chupa ya mafuta ya taa, mama alikaa gizani akimngoja. Kwake, kitu kilichofungwa ni kitu kilicholia. Kisipolia, bado hakijafungwa.

Mwaka wa 1971 alinunua gari kuukuu, dogo, lenye mgongo wa kobe na injini nyuma. Siku moja akaamua kubadilisha plagi iliyokuwa imekwama kwenye injini. Alivuta spana kwa nguvu zote alizojaliwa, na plagi ikatoka kweli, ila ilikuja na nyuzi za tundu lake, zile zinazoishika isitoke, zimejiviringa juu yake kama maganda ya viazi. Fundi wa mjini alikaa na gari lile miezi mitatu, nasi tukawa tunaenda kanisani kwa miguu, baba akitangulia kwa hatua ndefu asije akaulizwa swali.

Aliporudi kununua plagi nyingine nne, Harish, mwenye duka la vipuri mjini Kisii, alimhurumia. Alimpa na kikopo cha grisi ya shaba, nyekundu kama udongo wa chungu. Akamweleza kwamba chuma cha plagi na alumini ya injini vikipikwa pamoja siku nyingi hushikana, na grisi ile huviweka mbalimbali. "Lakini kidogo tu, Mzee Alfayo. Kama wanja kwenye jicho la mtoto."

Baba aliitikia kwa heshima, na njia nzima ya kurudi kwetu Nyakoe alimshangaa. Kwetu nani humpakia mgeni siagi kidogo kwenye mkate? Si atakwenda kusimulia?

Mimi ndiye niliyekuwa msomaji wa kitabu cha gari, kwa kuwa kiliandikwa kwa Kiingereza nami nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu. Nilikuwa msomaji wa sauti ndogo. Kwenye mazoezi ya kufundisha, watoto wa dawati la nyuma waliwahi kuniomba niwaandikie salamu ubaoni. Kwa hiyo nilipomsomea baba kwamba plagi hukazwa nusu mzunguko, na ikiwa imepakwa grisi robo tu, sijui alisikia nini. Aliniambia kitabu hicho kiliandikwa na watu wa nchi ya baridi, ambako mikono hufa ganzi.

Siku zile, hata hivyo, akili yangu haikuwa kwenye gari. Thadeus, karani wa kupima majani ya chai upande wa Itumbe, alikuwa amewaambia wazazi wake habari zangu, na wazazi wake, watu wa Nyamira, walikuwa wametuma esigani. Huyo ndiye mtu anayeingia kwenu kabla ya posa, kama mpita njia, na kutazama kila kitu: kama mama ni mkali, kama zizi ni safi, kama ukoo una uchawi, kama binti anajua kunyamaza. Siku yake hutangaziwi, wala sura yake hujui. Akirudi na neno moja baya, mambo yameisha. Nilikuwa na barua kumi na saba za Thadeus ndani ya kopo la biskuti, na usiku niliziwazia zikitumika kuwashia moto.

Alikuja siku ya Ijumaa, alasiri. Alikuwa mzee mwembamba mwenye viatu vyeusi vilivyong'aa, na aliuliza njia ya kwenda Nyakoe sokoni, huku vumbi la Nyakoe sokoni likiwa kwenye pindo za suruali yake. Mama alimpa maji. Mgeni alikunywa taratibu, macho yake yakihesabu ng'ombe.

Mama, Nyangate, hakuwa mtu wa kuelezwa mara mbili. Aliingia jikoni, akanifunga leso mpya, akaninong'oneza nikae kwenye kigoda karibu na mlango, nitazame chini, nisiseme neno mpaka mtu huyo aondoke. Kwangu hilo lilikuwa agizo rahisi kuliko yote niliyowahi kupewa.

Baba ndiye ambaye hakuelewa. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya gari, jua linashuka, na kwetu Wasabato, likizama Sabato imeingia, spana ingelala mpaka kesho jioni. Alimwona mtu mzima amesimama bila kazi. "Mzee, karibu," alimwambia. "Shika tochi hii, unimulikie humu ndani."

Basi esigani akashika tochi, na mimi kutoka kigodani nikaona yote. Baba alichota grisi kwa vidole viwili, akaipaka plagi kuanzia shingoni mpaka ncha, pale penyewe panaporuka cheche, mpaka ikafanana na muhogo uliotoka shambani. Akafanya hivyo kwa zote nne. Akaziingiza kwa vidole, kisha akatia spana kwenye ya kwanza.

Ikazunguka kwa ulaini wa ajabu. Baba akafurahi sana. Alimwambia mgeni kwamba Mhindi yule kweli anajua dawa, tazama inavyoingia bila kelele. Akaongeza. Haikulia. Nilijua kwa nini haikulia: kitu chenye mafuta hakilalamiki, kinakwenda tu mpaka kinapasuka. Baba angengoja ule mlio wake, na mlio ungekuja pamoja na nyuzi zote.

Nilimwambia baba, "Tata, basi." Hata kuku aliyekuwa miguuni pangu hakugeuka.

Baba akajipanga upya, akaweka mguu kwenye bampa apate nguvu. Nikafikiria ile miezi mitatu, na namna alivyokuwa akitutangulia njiani. Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka mkono wangu umeshika kifundo cha mkono wa baba yangu, mbele ya mgeni, na mama mlangoni ameziba mdomo.

"Tata, usiongeze," nilisema, na safari hii nilisikika mpaka kwa jirani. "Haitalia. Itavunjika."

Baba alinitazama kana kwamba gari ndilo lililozungumza. Halafu, polepole, akanikabidhi spana na kusogea pembeni.

Kwa kuwa aibu ilikuwa imeshamwagika yote, nikaona heri nimalize kazi. Nilizitoa plagi zote nne, nikazifuta ncha kwa kitambaa chenye petroli, nikaacha utando mwembamba kwenye nyuzi tu. Nikazirudisha kwa vidole mpaka zikakaa, kisha robo mzunguko kila moja. Leso mpya ya mama ilikuwa imekuwa nyekundu.

Betri nayo ilikuwa imechoka, na jua lilikuwa juu ya kilima, upana wa vidole viwili. Baba aliingia kwenye usukani, akatuambia tusukume. Tulisukuma, mama, mimi na esigani, kuteremka njia ya kisimani. Kiatu kimoja cha mgeni kilibaki kwenye tope lakini hakusimama kukichukua. Injini ilikohoa, ikampulizia moshi mweusi usoni, kisha ikaanza kunguruma vizuri kabisa. Baba alirudi nyumbani akipiga honi wakati jua linazama.

Mgeni alinawa, akala ugali na mboga za rinagu, akaondoka. Njia ya Nyakoe hakuuliza tena.

Kwa wiki tatu nililia kila nilipoona kopo la biskuti. Kisha ikaja barua ya kumi na nane. Thadeus aliandika kwamba esigani, Mzee Obwocha, alikuwa ametoa taarifa yake mbele ya wazee. Alisema kwanza kwamba katika nyumba ile hakuna uchawi, maana wangekuwa nao wasingehangaika na gari namna ile. Alisema ng'ombe ni tisa, na chakula hakipimwi. Wazee wakamuuliza juu ya binti, kama anajua kunyamaza. Akawajibu kwamba ananyamaza vizuri sana, mpaka kitu cha watu kinapotaka kuvunjika.

Baba alitaka nimsomee mara mbili. Aliuliza kama Mzee Obwocha alisema lolote juu yake.

Alikuwa amesema. Nilisoma kwa sauti yangu ndogo, lakini jioni hiyo alisikia kila neno: siku ng'ombe wa mahari watakapofika, baba wa bibi harusi apewe kiti na soda, na lango la zizi afunge mtu mwingine.